Maji Aliyokunywa Mama

Nakuru
16 Machi 2025

Kaka Kiarie,

Nakusalimu wewe, Mama, Mama Abby na wote wa hapo nyumbani. Huku tu wazima. Joto la Nakuru mwezi huu limezidi na vumbi limeingia mpaka kwenye unga, lakini tangu juzi mawingu yanakusanyika upande wa Menengai na watu wanasema mvua haiko mbali. Nasikia Kambi Mawe mmeshalima mnangoja kupanda tu. Mungu awape mvua ya kiasi.

Nimekupigia simu tangu Alhamisi. Mara ya kwanza iliita ikakatwa, sasa haiiti kabisa. Mama Abby ameniambia umesema kwa simu utatamka neno lisilorudi, na mwenye la kusema aandike. Basi naandika. Nampa Abby barua hii kwa kuwa anatoka hapa chuoni kuja nyumbani wikendi, na kwa kuwa najua barua iliyoletwa na binti yako hutaichana.

Kaka, nilikuja kwenye lile baraza la chifu kama mfanyakazi wa maabara ya chuo kikuu, sikuja kama dada yako. Hapo ndipo nilipokosea. Dkt. Makhanu alipowasomea watu vipimo vya maji, akasema kisima chako kina madini ya floridi kupita kiasi, na kwamba hayo ndiyo yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia na kukakamaza mifupa ya watu wazima walioyanywa miaka mingi, na kwamba huchujwa kwa mkaa wa mifupa, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya gari la chuo. Uliposimama ukasema sisi ni watu wa mifupa, kwamba tunachoma mifupa na kutaka Wakristo wanywe maji yaliyopita humo, ukawauliza wazee kama hiyo si ibada ya shetani, bado nilikuwa nyuma ya gari. Nilipaswa kutoka niseme, "Mimi ni Wachuka wa Kahiga, nimezaliwa pale juu, na maji haya nimeyapima kwa mkono wangu." Sikutoka. Aliyejitokeza kujibu ni mwanafunzi wetu Elphas, kijana wa Kakamega asiyemjua mtu hata mmoja hapo, na jiwe likampata juu ya jicho.

Sikuulizi aliyerusha. Nakuomba jambo moja tu. Mvua ikianza, funga gata kwenye bati la nyumba ya Mama, akinge maji ya kunywa. Ya kisima yawe ya kuoshea vyombo na kumwagilia mboga. Yeye ndiye aliyekunywa maji hayo kuliko sisi sote, na ile shingo yake inayokaza si uzee peke yake.

Kwa sasa Mama anakunywa maji gani?

Dada yako,
Wachuka


Kambi Mawe, Subukia
6 Aprili 2025

Dada Wachuka,

Bwana asifiwe. Abby alinipa barua yako na nimekaa nayo. Mvua ilianza wiki jana, mahindi tumepanda, na kahawa ya kule chini imetoa maua meupe mpaka unadhani ni ukungu. Ng'ombe mweusi amezaa ndama wa kike, mzima kabisa. Mama anakusalimu. Anasema ile shali uliyomletea Krismasi inampa joto.

Sasa kuhusu baraza. Kisima hiki kilipochimbwa wewe ulikuwa shule ya bweni. Hukumwona Mama akipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, akiteleza pale kwenye bonde, maji yakimwagika yote, akigeuka kurudi chini kuchota tena. Mimi nilimwona. Tulipomzika Baba niliapa kwamba Mama hatashika mtungi tena. Nikazunguka kwa wazee, kwa kanisa, kwa mbunge, watu wakinicheka, mpaka mashine ya kuchimba ikaletwa, nami nikafanywa mwenyekiti wa kisima. Siku maji yalipotoka pasta alilia. Mama alinawa uso mbele ya watu wote, akayanywa kwa viganja. Wachuka, hilo ndilo jambo jema nililofanya hapa duniani. Sina lingine la kuonyesha. Sina digrii.

Na ninyi mkaja na gari lenye nembo, mkasimama mbele ya umma mkasema nimekuwa nikiwapa watu sumu.

Unaandika kana kwamba chuo hicho ni malaika. Kabla yenu walikuja wengine wa hapohapo. Walichimba udongo kwenye shamba langu wakautia katika mifuko, wakamuuliza mke wangu maswali ya aibu kuhusu choo na chakula, wakanywa chai yetu, wakasema majibu yatarudi. Hayakurudi. Sisi tunawalisha maziwa, sukuma wiki na viazi, watoto wetu tunawapeleka kwao, halafu siku wakitukumbuka wanakuja kutuaibisha. Niambie wewe uliyeko ndani, faida ya chuo hicho kwa mtu wa Kambi Mawe ni nini?

Na nina swali. Dkt. Makhanu alikuja hapa na vipimo tayari mkononi. Maji hayakutembea yenyewe mpaka maabara. Nani aliyachukua hapa kwangu?

Ndimi kaka yako,
Kiarie


Nakuru
27 Aprili 2025

Kaka Kiarie,

Nimefurahi kusikia habari ya ndama. Huku mvua ni nyingi. Kule Rhonda maji yaliingia nyumbani kwa yule mama ninayenunua mboga kwake, ikabidi ahamie kwa dada yake, lakini yuko salama. Elphas ameshonwa na amerudi darasani. Alipoulizwa kama anataka kupiga ripoti polisi alisema hapana, mtihani umekaribia.

Umesema kweli kuhusu wale waliochimba udongo. Nilimuuliza Dkt. Makhanu. Akasema, "Majibu yapo maktaba, kwa Kiingereza." Nikamwambia, "Daktari, kaka yangu hawezi kuja maktaba." Akasema hilo analijua, na hakunitazama tena. Niliona aibu kwa ajili yake na kwa ajili yangu, maana na mimi nimekula mshahara hapo miaka hii yote bila kuuliza.

Lakini usiseme hakuna faida. Wale wa Ng'ambo, ng'ambo ya kijito, nao walipimiwa maji, nao walikasirika, kisha wakakubali. Wiki hii wanafunzi wanawajengea mtambo. Si uchawi. Mifupa ya machinjioni huchomwa mpaka iwe myeusi kama mkaa, husagwa, huwekwa ndani ya tangi, na maji yakipita humo yale madini yananata kwenye mkaa. Kinachotoka ni maji tu, hayana harufu wala rangi. Hata wanafunzi wa uuguzi wameanza kwenda huko kupima watoto. Haya yangekuwa yenu.

Nikuambie jambo lingine kabla hujalisikia kwa mtu. Matokeo ya kisima chako niliyajua Januari. Ningeweza kuja nikuambie hapo jikoni, sisi wawili. Niliogopa uso wako. Nikaona heri usikie kwa mtu mwenye cheo, mahali ambapo hutaweza kunifokea mimi. Kwa hiyo wewe ulikosea kwa mdomo, na mimi nilikosea kwa kunyamaza, tena kabla yako.

Nani aliyechukua maji, sitakujibu. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi.

Hukunijibu kuhusu Mama. Anakunywa maji gani?

Wachuka


Kambi Mawe
8 Juni 2025

Dada Wachuka,

Salamu kwako. Nimechelewa kwa sababu ya palizi. Mahindi yamepita kiuno. Baridi ya Juni imeanza na kila asubuhi ukungu unalala juu ya bonde mpaka karibu saa nne. Pasta anakusalimu.

Mtambo wa Ng'ambo umeanza kazi. Sikwenda kuuona. Naona watu wanaokwenda. Wanawake wa hapa wanapita mbele ya geti langu na majerikeni, wengine wameyafunika kwa khanga kana kwamba wamebeba mtoto. Juzi nilimsalimu mke wa Naftaly nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda posho mill kusagisha. Posho mill iko upande huu mwingine. Tukaangaliana, akainamisha kichwa, akaendelea. Nilikaa kwenye geti mpaka aliporudi, akiwa amelemewa, anapanda bonde lilelile. Hakunisalimu mara ya pili.

Mfereji wangu sasa hauna foleni. Kanisani nimekaa kiti changu cha mbele kama kawaida, lakini hakuna aliyeniomba niongoze maombi tangu Pasaka.

Mama hajambo. Shingo inamsumbua kidogo tu kwa ajili ya baridi.

Abby hakuja nyumbani chuo kilipofungwa. Amemwambia mama yake ana kazi ya maktaba. Hiyo kazi ni ya namna gani isiyoweza kungoja? Barua hii nimeipeleka kwa dereva wa lori la maziwa kwa kuwa sina mtoto wa kumtuma. Mwambie baba yake anamuuliza.

Kiarie


Nakuru
22 Juni 2025

Kaka,

Sisi tu wazima. Leo sina maneno mengi.

Mama Abby amenipigia simu analia. Anasema Mama hawezi kugeuza shingo, kwamba anavalishwa nguo, na akitaka kumtazama mtu anageuka mwili mzima kama mti. Wewe umeniandikia "kidogo tu". Mlete hospitali hapa Nakuru. Nitawapokea stendi. Usingoje palizi ya pili.

Abby yuko kwangu. Hataki kuja nyumbani. Sababu atakuambia mwenyewe, na siku akikuambia, nakuomba ufunge mdomo mpaka amalize.

Nauliza tena, kaka, na sasa naogopa jibu. Mama anakunywa maji gani?

Wachuka


Kambi Mawe
20 Julai 2025

Dada Wachuka,

Nakusalimu. Nimeianza barua hii nikaiacha, nikaianza tena. Sitaandika habari za shamba.

Mama nilimleta hospitali Nakuru. Nilijua wiki ile umeenda Baringo na wanafunzi. Mama Abby aliniambia, na ndiyo sababu niliichagua. Sikutaka uwe pale.

Daktari alikuwa msichana mdogo, angekuwa mwanangu. Alimpiga Mama picha ya mifupa, akaiweka kwenye mwanga, akaniita. Uti wa mgongo hauna viungo, Wachuka. Umeungana kama fimbo. Akaniuliza, "Mzee, mama anatumia maji ya wapi?" Kabla sijajibu, Mama akasema kwa sauti, na furaha usoni, "Nakunywa maji ya mwanangu. Alinichimbia kisima. Yanatoka mlangoni kwangu." Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni ng'ombe wake. Daktari alinitazama, kisha akaangalia meza yake. Nilitamani anitukane.

Alisema mifupa haitarudi. Akibadilisha maji, maumivu yanaweza kupungua, lakini shingo imeshakuwa hivyo mpaka siku zake ziishe.

Sasa nakujibu swali lako. Alikuwa anakunywa ya kisima. Tangu lile baraza mpaka siku ile ya hospitali, ya kisima.

Usidhani nilisahau. Mama Abby alisoma barua yako ya kwanza nilipokuwa shambani. Mvua iliponyesha akaweka beseni chini ya bati la nyumba ya Mama, akayachemsha maji yale, akayatia kwenye chupa ya chai. Nilipouliza ni ya nini, akasema, "Ni ya Mama, kama Wachuka alivyosema." Nikaichukua ile chupa nikaimwaga pale mlangoni, Mama akiwa amekaa anatuona. Nikasema, "Katika boma hili hakuna atakayekunywa maji ya paa kama kuku wakati mimi nina kisima." Mama akacheka. Alidhani nafanya utani. Nikamchotea kikombe kutoka mferejini, nikasimama mpaka akamaliza.

Wachuka, nilikuwa nimewaamini. Sijui kama unanielewa. Pale barazani, Dkt. Makhanu aliposema habari ya mifupa kukakamaa, nilimwona Mama akilini mwangu jinsi anavyoinuka kitandani, na nikajua anasema kweli. Ndipo nikasimama nikaanza kupiga kelele. Kama nisingemwamini ningekaa nimsikilize amalize. Baada ya hapo kila kikombe nilichompa, nilikuwa najua. Kumpa maji mengine ilikuwa ni kusema mbele ya mke wangu kwamba nilidanganya umma. Sikuweza. Nilimpa Mama maji yale ili uongo wangu usionekane.

Daktari alisema miezi hiyo siyo iliyompinda, ni ile miaka. Nilitaka kufurahi, nikashindwa.

Abby alikuja hospitali. Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi. Akaniambia, "Baba, maji nilipeleka mimi. Tulikuwa na somo la maji, Dkt. Makhanu akasema kila mtu alete ya kwao. Nilileta ya kwetu kwa sababu nilijivunia." Akaanza kulia, na akilia, kama akicheka, anaweka kiganja mdomoni kuficha meno. Amekuwa akifanya hivyo tangu utotoni. Nilidhani ni adabu. Nimemlea mtoto miaka yote hii nikimsifu kwa watu kwamba ana adabu, kumbe alikuwa anaficha nilichomfanyia.

Nilifunga mdomo mpaka alipomaliza, kama ulivyoniagiza. Kisha nilimshika mkono, akauacha mkononi mwangu.

Mama sasa anakunywa ya Ng'ambo. Nayabeba mimi mwenyewe. Sijafunika jerikeni.

Kiarie


Nakuru
10 Agosti 2025

Kaka Kiarie,

Nimepokea barua yako. Niliisoma kazini nikashindwa kuendelea na kazi.

Jumamosi iliyopita nilikuja nyumbani. Nilijua uko kwenye mkutano wa ushirika wa maziwa. Nilimpaka Mama mafuta mgongoni, nikamsuka, tukaongea. Hakulalamika hata kidogo. Niliondoka kabla hujarudi, na nilipoona pikipiki yako inapanda nilijificha nyuma ya kahawa kama mwizi. Wewe ulichagua wiki niliyokuwa Baringo, nami nikachagua siku ya ushirika. Tumezaliwa tumbo moja kweli.

Sitakuambia si neno. Ukitaka mtu wa kukuambia hukujua, mtafute mwingine, kwa sababu umeniandikia kwamba ulijua. Nimekasirika na bado nimekasirika. Nikiikumbuka ile chupa uliyomwaga hasira inawaka upya. Halafu nakumbuka kwamba kuanzia Januari mimi nami nilijua, na sikupanda gari hata siku moja kuja kumwaga kikombe cha Mama kwa mkono wangu. Niliandika barua. Nilikaa Nakuru nikakuuliza maswali kwa karatasi nikajiona nimefanya wajibu. Kwa hiyo sina mahali pa juu pa kusimama nikuhukumu, na hilo linaniudhi zaidi.

Kuhusu mtambo, nitakuambia hali ilivyo. Baada ya jiwe, wakubwa wa chuo walisema Kambi Mawe pafutwe kwenye mradi. Dkt. Makhanu hawezi kuwaleta wanafunzi mahali walipopigwa. Anasema wakaribishwe na watu wenyewe, na waliowafukuza ndio wawakaribishe. Mimi siwezi kukuombea. Nikikuombea watasema ni undugu.

Abby ameanza kuongea habari ya kuja nyumbani Desemba. Usimsukume.

Nitakuwa nakuja kumwona Mama. Wewe sijui nitakuangaliaje. Nipe muda.

Wachuka


Kambi Mawe
12 Oktoba 2025

Dada Wachuka,

Nakusalimu, na watu wote wa hapa wanakusalimu. Mahindi tumeanza kuvuna. Ndama amekua, sasa anafungwa peke yake. Mama amepata usingizi mzuri wiki hizi mbili, ndivyo anavyosema.

Nilikuja chuoni kwenu Septemba. Labda umesikia. Nilipita karibu na maabara yako, nikaona mlango na jina lako limebandikwa, nikaendelea. Nilimuuliza askari wa geti alipo Dkt. Makhanu, akanielekeza darasani. Nilidhani nitamkuta peke yake. Kumbe alikuwa na wanafunzi, darasa zima, na Elphas amekaa safu ya mbele. Kovu linaonekana. Dkt. Makhanu alinitambua. Akasema, "Karibu mzee, tungojee nje kidogo." Nikasema, "Hapana, hawa ndio niliowajia."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalipotea. Nikawaambia, "Mimi ndiye niliyewaita watu wa mifupa. Jiwe sikurusha, lakini aliyerusha alilitoa mdomoni mwangu." Elphas akainama. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono kama ninavyosikia mnafanya, akaniuliza bila ukali, "Mzee, kama uliona ni kweli, kwa nini ulikataa?" Nikamjibu, "Nilipatwa na aibu mbele za watu, nikaigeuza hasira. Hasira inabebeka, mtu anaweza kutembea nayo mbele za watu. Aibu ilinishinda kubeba." Akaandika. Sijui aliandika nini.

Dkt. Makhanu naye alisimama. Akawaambia wanafunzi kwamba kabla ya maji, chuo kilichukua udongo Kambi Mawe na hakikurudisha jibu, na kwamba kama jibu lingerudi wakati ule, labda mtu angewaamini mwaka huu. Akaniomba msamaha mbele yao. Mimi nilikuja kuomba, sikuwa tayari kuombwa. Nilivua kofia yangu nikaanza kuikunja.

Elphas alinisindikiza getini. Nikamwambia, "Kijana, nina deni la jicho lako." Akasema, "Jicho ni zima, mzee." Baada ya hapo akaongeza, "Lakini mama yangu bado hataki nirudi huko kwenu." Nikamwomba namba ya mama yake. Nilimpigia jioni hiyohiyo. Alinisema sana, kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, na alipomaliza akauliza nina watoto wangapi.

Kisha nikaita watu hapa. Sikumwita chifu. Nilisimama pale kisimani nikawaambia maji haya si ya kunywa, kwamba waliosema hivyo Machi walisema kweli, na mimi nilisema uongo nikijua. Nilingoja makelele. Hayakuja. Winrose, yule wa mtoto mwenye miguu iliyopinda, akauliza, "Baba Abby, ulijua lini?" Nikasema, "Siku ileile ya baraza." Akasema, "Mwanangu amekunywa mpaka Agosti. Nilikuwa naona aibu kukupita na jerikeni la Ng'ambo. Nilikuwa nakuheshimu." Akamchukua mtoto wake mgongoni akaondoka. Mpaka leo hajaniamkia, na sidhani ataniamkia. Uenyekiti wa kisima nimeurudisha. Amechaguliwa mke wa Naftaly.

Wanafunzi walikuja wiki iliyopita wakajenga mtambo, na wale wa uuguzi wakapima watoto wote, wa Winrose kwanza. Safari hii Dkt. Makhanu alisoma matokeo kwa Kiswahili na akabandika nakala kwenye ukuta wa kanisa. Ameleta na majibu ya ule udongo wa zamani. Kumbe shamba la chini lilitaka chokaa tu, na sisi miaka yote tumelilaani. Wanafunzi watakuwa wanarudi kila muhula kupima maji na kubadilisha mkaa. Mifupa nimesema nitakuwa naikusanya mimi kutoka buchari za Subukia. Siku ya soko nasukuma mkokoteni katikati ya watu. Wengine wanacheka, wengine wananionea huruma, na sijui ni lipi gumu zaidi.

Elphas alilala hapa kwetu, kwenye kile chumba chako. Aliniambia alikuomba mje pamoja, ukasema una kazi. Sikumuuliza zaidi.

Siku mtambo ulipofunguliwa nilimchotea Mama kikombe cha kwanza. Nilimpelekea kitandani, nikamwinua, kwa kuwa kichwa hakirudi nyuma siku hizi na inabidi nimwinamishe mwili mzima. Alikunywa polepole mpaka mwisho. Nikamuuliza, "Mama, haya maji unayaonaje?" Akajifuta mdomo kwa ule mkono unaokunjika bado, akafikiri.

"Ni maji mazuri," akasema. "Lakini yale yako yalikuwa matamu."

Nilichukua kikombe nikaenda kukiosha.

Kiarie